Mguu wa Tatu wa Sufuria ya Neville

Mume wangu Neville amemaliza nusu ya maisha yake ya ndoa akitembea kwenye mashamba ya watu na mashine inayolia ikipita juu ya madini, na kwa jitihada zote hizo Mungu amemjalia miguu ya sufuria. Wenzake kwenye klabu ya watafutaji wameokota pete na vifungo vya dhahabu. Mmoja aliokota msalaba mdogo, ukapelekwa makumbusho, na yeye akatoka gazetini meno yote nje. Neville huleta miguu ya sufuria. Sufuria yenyewe haji nayo. Miguu tu.

Kwa asiyejua nitaeleza, maana mimi nimeelezwa mpaka masikio yamechoka. Miaka mia tatu na ushei iliyopita, wanawake wa huku kwetu walipikia vyombo vizito vya shaba vyenye miguu mitatu, vikisimama wima juu ya makaa. Chombo kikipasuka kilitupwa jaani, samadi ya jaani ikapelekwa shambani, na plau ikamalizia kazi. Ndiyo maana mashariki yote ya Uingereza imejaa miguu ya sufuria. Watu wenye akili wakiichimbua huitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu. Wangu huipeleka nyumbani akaisugua kwa mswaki, na nilichelewa sana kujua ni mswaki wa nani.

Mimi nilikwenda kutafuta mara moja tu maishani. Ilikuwa mwaka ule tuliooana. Nilikuwa nimeshamwambia kwamba mwanamume anayemwacha mkewe kila Jumapili akaongee na udongo, siku moja atarudi akute hana wa kuongea naye zaidi ya huo udongo. Sikuwa natania, na sanduku nilikuwa nimeshalishusha juu ya kabati. Akaniomba niende naye siku moja, halafu niamue. Nikaenda na viatu vya kanisani ili ajue nilivyofurahi. Nakumbuka alichomoa leso anifutie kiti cha gari, leso niliyomtarizia mwenyewe herufi za jina lake, na ilikuwa imejaa udongo tayari, hata shambani hatujafika. Nikajiuliza nimeolewa na mtu au na fuko mchimba mashimo.

Shamba lenyewe linaitwa Kona Ndefu, malisho ya akina Rix. Akanivalisha hedifoni, akanishikisha mashine, akasema tuanzie pale kwenye ua wa miti, hakuna upepo. Sikufika mbali. Mashine ikalia, nikachimba nikinung'unika, na kiganjani mwangu ikakaa sarafu ya fedha ya Malkia Elizabeth, yule wa kwanza, pua yake nyembamba na kola yake kubwa kama jana tu alikuwa sokoni. Nilipiga kelele mpaka ng'ombe wakakimbia. Sanduku likarudi juu ya kabati.

Sikwenda tena kutafuta. Bingwa akishashinda anastaafu. Sarafu iliandikishwa kaunti, na sasa imo kwenye fremu sebuleni, juu ya kiti cha Neville, na hakuna mgeni aliyetoka nyumba hii bila kuonyeshwa. "Neville anatafuta," huwaambia, "mimi ninapata." Wageni huvunjika mbavu. Dada yake amelisikia neno hilo kila Krismasi. Neville naye hucheka, halafu huenda jikoni kuangalia kama birika limechemka.

Katika Kona Ndefu hiyo hiyo ndipo alipopata ugonjwa wake mkubwa. Mwaka mmoja alichimbua kipande cha ukingo, mwaka mwingine mpini, kisha ubavu wenye masizi, kisha mguu, kisha mguu tena. Tukampelekea Bi Farrant, afisa wa mambo ya kale wa kaunti, mwanamke kijana mwenye subira ya kusikiliza wazee wakimwambia kila kipande cha bomba ni upanga. Aliviweka mezani, akavigeuza, akasema vyote ni vya chombo kimoja. Neville alirudi nyumbani akiendesha gari polepole kama amebeba mayai. Akaviunga kwa waya na udongo wa mfinyanzi, akaviweka dirishani jikoni. Kwa kuwa miguu ilikuwa miwili, sufuria iliegemea chupa ya sabuni ya vyombo. Miaka sita nimeosha sahani mbele ya sufuria iliyolewa.

"Bado mmoja tu," alikuwa akisema kila Jumamosi, akiweka betri chaji.

Basi mwezi wa nane Bi Rix akatuletea habari mlangoni. Shamba limekodishwa kwa watu wa sola. Wangekuja kupiga uzio na kutandaza paneli zao toka ua hadi barabara, na mwishoni mwa mwezi wa tisa klabu ingepewa Jumapili moja ya kuagana nalo. Juu ya hapo, goti la Neville lilikuwa linangoja kisu cha daktari, na daktari alikuwa ameshasema kwamba baada ya hapo asahau kupiga magoti, kanisani wala shambani.

"Haya basi," Neville alisema. Akatoka kwenda kuosha gari, ambalo lilikuwa safi.

Niliumia. Mimi ni mtu wa kejeli, sikatai, lakini nilisimama pale dirishani nikamwona anasugua gurudumu moja muda wote huo, na roho iliniuma sana. Mtu ameomba kitu kimoja duniani, kifupi, cheusi, hakina thamani, na hata hicho kinafunikwa na vioo vya watu wa umeme.

Tatizo ni kwamba mguu wa tatu nilijua uliko.

Ulikuwa kwenye ukumbi wa kijiji, ndani ya kabati la kioo la mwenyekiti wetu wa klabu, Bernard Aldous. Bernard aliuchimbua Kona Ndefu miaka michache nyuma na kuuandikia kibandiko kwa mkono wake: "Mguu wa taa ya Kirumi, karne ya pili." Bi Farrant alimwambia kwa adabu zote kwamba ni mguu wa sufuria. Bernard akamjibu: wewe bado kijana. Sasa mimi ndiye ninayeandaa chai na vitafunio vya klabu kila Jumatano na kufuta vioo baadaye, na siku moja kitambaa mkononi niliiangalia ile taa ya Warumi kwa makini. Ilikuwa na mistari mitatu iliyoshuka mbele, sawasawa na miguu miwili ninayoitazama kila siku nikiosha sahani. Neville hakuwahi kusema lolote juu yake. Nikadhani ni macho yake, na mimi sikusema, kwa sababu ugomvi wa wazee wawili juu ya mguu wa sufuria si kitu cha kukaribisha nyumbani.

Lakini sasa hapakuwa na muda. Jumatano ile nilimfuata Bernard kabla watu hawajaingia.

"Bernard, naomba ile taa yako."

"Unataka kuazima?"

"Nataka kuchukua."

"Doreen, mpenzi, kile ni kitu cha Warumi."

"Kile ni mguu wa sufuria. Kila mtu kwenye klabu hii anajua, isipokuwa wewe na Warumi."

Akavuta tumbo ndani. "Mimi nimesoma mambo haya miaka mingi."

"Na mimi nimekuchemshia chai miaka hiyo hiyo," nikamwambia. "Tuone kipi kitaisha kwanza, Warumi wako au chai yangu."

Jumatano hiyo birika halikuchemka. Nilikaa kiti cha nyuma nikafuma soksi. Watu waliingia, wakaangalia meza tupu, wakaniangalia mimi, wakaketi na makoti yao. Jumatano iliyofuata Roy Mobbs alikuja na chupa yake ya chai ya moto akainywa bila kumwonjesha mtu, na uhasama ulioanza siku hiyo bado upo. Jumatano ya tatu, Bernard akiwa katikati ya hotuba yake juu ya Warumi, mtu alinyanyua mkono.

"Mheshimiwa mwenyekiti, hoja yangu ni fupi. Vitafunio vya soseji viko wapi?"

"Hilo si katika ajenda," Bernard akasema.

"Basi na mimi simo katika ajenda," yule akasema, akavaa kofia.

Kesho yake Bernard alisimama mlangoni kwangu na kiboksi cha pamba. Alikuwa na masharti. Kwanza, ndani ya kabati ibaki kadi iliyoandikwa "Imeazimwa kwa utafiti".

"Utafiti gani?"

"Wa kina," akasema. "Na pili, hilo neno lisitamkwe mbele yangu."

"Neno gani, Bernard?"

"Unalijua."

Nikakubali. Neville alipokwenda kwa daktari wa goti niliupima ule mguu kwenye sufuria, na uliingia kwenye nafasi yake kama jino linalorudi kwenye fizi.

Utasema, si umpe tu mumeo yaishe. Humjui. Nilishawahi kumnunulia sufuria ya namna hiyo hiyo kwenye mnada wa vitu vya kale, nzima, miguu yote mitatu, siku yake ya kuzaliwa. Akanibusu, akashukuru, akaenda kuiweka mlangoni akaijaza miavuli. "Hiyo imenunuliwa," alisema, tena kwa upole, kama mtu anayemwelezea mtoto. Kwake kitu ni chake kikitoka ardhini kwa mkono wake. Kikipitia mkono wa mtu mwingine ni bidhaa. Hivyo palikuwa na njia moja tu.

Jumamosi mchana, kabla ya ile Jumapili ya mwisho, nilimwacha amesinzia mbele ya matokeo ya mpira nikaenda Kona Ndefu. Neville hutembea kwa mistari, na akiishia mahali huchomeka kijiti ili arudi hapo hapo. Nilikiona kijiti chake. Kanuni za kuchimba nazijua kwa sababu amenisomea mezani tangu tuko vijana: unakata majani pande tatu, unayafunua kama kifuniko, unachimba, unarudisha, unakanyaga, na mwenye shamba asijue kuwa ulipita. Nilikuwa na kisu cha mkate. Nilikata, nikafunua, nikaulaza mguu wa Bernard chini kina cha kiganja, nikafukia, nikaurukia kwa miguu yote miwili mbele ya ng'ombe watatu walioonekana kuwa na maoni. Nilirudi nyumbani nikijisifu njia nzima.

Jumapili klabu nzima ilikuja. Mimi nilipanga meza yangu kando ya lango, birika na vitafunio, mahali ambapo kijiti nakiona vizuri. Bernard alishuka na mashine yake mpya na nguo za kijani zenye madoa, kama Warumi bado wako kwenye ua wanamvizia. Neville alikuwa na mambo yake. Kwanza alimsalimia Bi Rix, akamuuliza hali ya mama yake, akafuta miwani, akafungua kiatu akakifunga tena. Na mimi namwona Bernard anakatiza malisho moja kwa moja, mashine ikipepea kulia na kushoto, anakielekea kijiti.

"Bernard," nikaita. "Chai."

"Ndiyo kwanza tunaanza."

"Chai ni sasa hivi."

"Nimalizie tu hapa hadi kwenye kijiti—"

"Sasa hivi, Bernard, au mpaka mwakani."

Mtu aliyekaa Jumatano tatu koo kavu hashindani. Aligeuka, na kisigino chake kikazungukia karibu kabisa na mahali ilipolala taa yake. Nilimmiminia kikombe kilichojaa hadi ukingoni, nikampa soseji mbili, nikamuuliza juu ya barabara za Kirumi. Hayo ndiyo mateso niliyoyavumilia kwa ajili ya mume wangu.

Neville akafika kwenye kijiti. Akakichomoa, akapiga hatua, na hata pale nilipo niliisikia mashine ikilia. Alisimama. Alitazama chini kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akatazama upande wa lango, nami nikajifanya hamnazo nikapanga vikombe vilivyokuwa vimeshapangwa. Halafu akaanza kupiga magoti, kwa vituo, kama meza ya kukunja ambayo bawaba zake zimeota kutu. Akatandaza kitambaa, akakata, akachimba taratibu.

"Doreen," akaita, sauti ya kawaida tu. "Njoo uone."

Watu wote wakakusanyika. Aliukalisha kiganjani, mweusi, mfupi, na mistari yake mitatu. Bernard aliutazama mguu, akanitazama mimi, akatazama kikombe chake.

"Hongera, Neville," akasema. "Ni wa… ni wa sufuria, bila shaka."

"Unaonaje wewe?" Neville akamuuliza. "Hauwezi kuwa wa taa?"

"Hapana, hapana. Sufuria. Dhahiri kabisa."

Roy Mobbs alilazimika kwenda kusimama nyuma ya gari.

Mchana ule, nyumbani, Neville alifungua waya, akauweka mguu mahali pake, akaiweka sufuria dirishani na kuondoa chupa ya sabuni. Ikasimama yenyewe. Tuliitazama wote wawili. Nikaanza kukata mkate.

"Udongo ulikuwa laini sana pale," akasema.

"Mvua."

"Haijanyesha tangu mavuno."

"Umande basi, Neville, mimi si mtabiri wa hali ya hewa."

"Na juu ya majani kulikuwa na chembe za udongo, zimezunguka pande zote." Akavuta kiti akakaa, mguu wenye goti bovu ameunyoosha. "Ulisahau kitambaa. Udongo unautoa unauweka juu ya kitambaa, halafu unaumwaga wote shimoni. Ukiuweka kwenye majani, chembe zinabaki. Na kisu kile naona hukukiosha vizuri. Mkate wa asubuhi ulikuwa na mchanga."

Nikakiweka kisu chini.

"Ila nimefurahi kwamba taa ya Bernard imekumbuka kazi yake ya zamani," akaendelea.

"Ulijua?"

"Tangu siku aliyoichimbua. Nilikuwa nimesimama nyuma yake."

"Na ukakaa kimya miaka yote hii, kila Jumamosi bado mmoja, bado mmoja?"

"Aliuita taa, na alifurahi kweli. Halafu ningesema ni wangu, nikaupata, Jumapili zangu ningefanya nini? Nikae hapa na wewe?"

Nilimtupia kitambaa cha vyombo kichwani. Alikiacha hapo hapo.

"Basi kwa nini ulipiga magoti, na goti lenyewe hilo?"

"Mke wangu amemnyima mwenyekiti chai mwezi mzima, amechimba malisho ya watu kwa kisu cha mkate, halafu mimi nipite juu?" Alikuwa anacheka sasa, chini ya kitambaa. "Lakini kufukia kuna ufundi wake, Doreen. Unawahi alfajiri. Unakata padogo. Kama hukubeba kitambaa, unatandaza chochote, hata leso ya—"

Akakivua kitambaa kichwani, akaanza kukikunja.

Leso. Nilikiona tena kiti cha gari cha siku ile, na zile herufi nilizotarizi mwenyewe zimefunikwa na udongo, asubuhi na mapema, hata shambani hatujafika.

"Neville."

"Niweke chai?"

"Neville, sarafu yangu."

Aliinuka akaisogeza sufuria kidogo, ingawa haikuhitaji kusogezwa tena maisha yake yote. "Niliipata wiki moja kabla," akasema. "Pale pale kwenye ua, kwa hiyo hata waliyoandika kaunti si uongo mkubwa. Nilitaka nikuonyeshe jioni. Nikaingia chumbani nikakuta umeshusha sanduku."

"Ndiyo fedha pekee uliyopata maishani."

"Ndiyo hiyo."

"Na umeniacha nikucheke. Mbele ya dada yako. Mbele ya kasisi, Neville. Kila Krismasi."

"Ulikuwa unacheka vizuri," akasema. "Na ulikuwa bado upo."

 Nililia, tena kile kilio cha makamasi, juu ya mkate wenye mchanga, na yeye akanipa kitambaa cha vyombo kwa kuwa leso hakuwa nayo.

Shamba sasa limejaa vioo. Goti limepasuliwa, na Jumapili yuko nyumbani siku nzima, kama tulivyokuwa tunaogopa sote wawili. Wageni bado wanakuja, na sarafu bado iko juu ya kiti chake.

"Neville anatafuta," ninawaambia, "mimi ninapata." Siku hizi hapo katikati huwa namtupia jicho.

"Ni kweli," anasema Neville, akiwamiminia chai. "Nilikuwepo."